Maziwa ya Robo ya Chini

Mwaka ule Nairobi nzima ilikula unga wa njano. Mvua ilikuwa imekataa, mahindi meupe yakaadimika, na ya njano yakaletwa kwa meli kutoka ng'ambo. Watu wazima walinung'unika, kisha wakala. Watoto hawakunung'unika. Waligeuza uso tu.

Okeyo naye aligeuza uso.

"Kula, baba," mama yake alimbembeleza. "Kijiko kimoja tu."

Okeyo alifunga mdomo. Alikuwa ametimiza miaka miwili, lakini uzi wa shanga aliofungwa mkononi alipokuwa mchanga ulikuwa bado unamtosha. Mama yake, Akoth, aliutazama uzi ule kila asubuhi, na kila asubuhi moyo ulimuuma.

Walikaa Kabiro, kule Kawangware, katika chumba kimoja cha mabati. Baba Okeyo, jina lake Benard, alitafuta kibarua cha ujenzi na mara nyingi alirudi bila kazi. Akoth alifua nguo za watu upande wa Lavington. Mwenye ploti, aliyewapangishia chumba hicho, alikuwa mama mzee aliyeitwa Rahab. Rahab ndiye pia aliyekuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani, na kanisani ndiko habari njema ilikotoka.

Wafadhili walikuwa wameahidi makopo matatu makubwa ya maziwa ya unga kila mwezi. Walitoa sharti moja. Watoto wote wa miaka miwili wapimwe uzito, na maziwa yaende kwa robo ya chini, yaani wale wepesi kuliko wenzao.

"Robo ya chini hupatikana namna gani?" Rahab aliuliza.

"Ni hesabu ya Form Three, shosho," alijibu mjukuu wake Njambi. "Tumefundishwa juzi. Mimi na Githinji tutaipiga."

Rahab alifurahi. Alijua watoto waliosoma hawashindwi na hesabu.

Jumamosi mizani ilining'inizwa kwenye boriti ya kanisa. Akina mama walipanga laini. Akoth alifika wa mwisho, maana maji yalikuwa yamechelewa kutoka bombani, na hangeacha debe lake. Pale Kabiro, debe likishawekwa kwenye laini ya maji, hakuna anayelisogeza. Anayelisogeza ametafuta vita. Aliyetangulia ametangulia. Hiyo ilikuwa sheria, na hata mtoto mdogo aliijua.

Kwa hiyo Akoth hakusukuma mtu. Alingoja zamu yake.

"Kilo nane," Githinji alisoma mizani.

"Nane," Njambi aliandika chini kabisa ya karatasi.

Siku ya pili, baada ya ibada, Rahab alisimama mbele.

"Bwana asifiwe! Vijana wetu wamemaliza hesabu. Alama ya robo ya chini ni kilo kumi na moja. Mama ambaye mtoto wake ana kilo kumi na moja au chini ya hapo, aje mbele."

Karibu wote walikwenda mbele. Ni watatu tu waliobaki kwenye mabenchi. Rahab aliwatazama, akayatazama makopo, akashangaa.

"Makopo ni matatu," alisema. "Sasa tufanyeje? Basi, kama bombani. Aliyetangulia kupimwa achukue kwanza."

Kopo la kwanza lilichukuliwa na Wangoi, ambaye mtoto wake alikuwa na kilo kumi. La pili lilichukuliwa na Wakarima, mama Ndungu, aliyekuwa wa tatu kwenye laini, maana wa pili alikuwa na mtoto mzito na hakuja mbele. La tatu lilichukuliwa na Njeri, ambaye mtoto wake alikuwa na kilo tisa. Yakaisha.

Akoth alimtazama Ndungu. Mtoto alikuwa na mashavu ya kujaa na mandazi mkononi. Ndungu alikuwa na kilo kumi na moja. Kisha akamtazama Okeyo, aliyelala begani bila kulia. Mtoto mwenye njaa ndefu halii.

Akoth alisimama.

"Hiyo kopo ni ya nani?" aliuliza kwa sauti.

"Ni ya Ndungu," Wakarima alijibu. "Kwani hukusikia?"

"Nimesikia. Sasa nauliza tena. Ndungu ako na njaa gani? Hata mandazi yenyewe imemshinda!"

Wengine walicheka. Akoth hakucheka.

"Mama Okeyo, usimkosee mtoto wa mwenzako," Rahab alisema.

"Mimi simkosei mtoto. Nawakosea nyinyi! Mtoto wa kilo nane anarudi nyumbani mikono mitupu, na wa kilo kumi na moja anabebewa kopo. Hiyo ni hesabu ya wapi? Ama ni hesabu ya wenye ploti?"

Neno lile lilikuwa zito. Wapangaji walitazama chini. Wenye ploti walitazamana.

"Hasira hasara, Mama Okeyo," Rahab alisema polepole.

"Hasara nishapata, mama. Imebaki hasira."

Njambi alisimama, machozi yakimlenga. "Hatukupendelea mtu! Tulifuata kitabu. Githinji, waambie."

Githinji alivuta kola ya shati. "Idadi, ongeza moja, gawa kwa nne. Hiyo ndiyo fomula. Jibu ni tatu. Wa tatu ni Ndungu, na Ndungu ako na kilo kumi na moja. Basi alama ya robo ni kumi na moja. Hesabu haidanganyi."

"Hesabu haidanganyi," sauti ilisema kutoka nyuma, "lakini anayeipiga anaweza kudanganyika."

Alikuwa Mwalimu Wekulo, aliyewafundisha Njambi na Githinji hesabu shuleni. Alikuja mbele akiwa amekunja uso. Mtu yeyote angeona kwamba naye alikuwa na hasira, ila yake ilikuwa ya baridi.

"Githinji, umesema wa tatu. Wa tatu katika nini?"

"Katika laini, Mwalimu."

"Laini gani?"

"Ile ya jana. Walivyofika."

"Kufika mapema kunapunguza mwili?"

Githinji aliitazama karatasi ya Njambi.

"Nimewaambia nini darasani kabla ya kutafuta kwotaili, hizi alama za robo? Njambi?"

"Panga namba kutoka ndogo hadi kubwa," Njambi alinong'ona.

"Na kwa nini hukupanga?"

"Shosho alisema nisisogeze jina la mtu. Alisema kila mtu akae mahali pake kwenye laini, watu wasije wakagombana."

Rahab aliinama. Ni kweli alikuwa amesema hivyo.

"Laini ya maji ni ya kufika," Mwalimu alisema. "Hapo mama Rahab hakukosea. Maji ni yaleyale kwa kila debe. Lakini robo ya chini inatafuta walio wepesi. Laini yake ni ya uzito. Usipopanga kwa uzito, wa tatu ni wa bahati tu. Angekuwa mwingine, alama ingekuwa nyingine."

"Kwa hivyo mtoto wangu alinyimwa kwa bahati," Akoth alisema.

"Kwa uzembe," Mwalimu alijibu. "Sitakuficha."

Akoth hakutegemea jibu hilo. Alikuwa amejiandaa kusikia visingizio. Hasira yake haikuisha, lakini ilipata pa kusimama.

Ubao wa watoto wa Sunday School ulikuwa ukutani. Mwalimu alimpa Njambi chaki.

"Panga sasa. Ndogo hadi kubwa."

Njambi aliandika haraka: 7, 8, 9, 10, 11, 12, 13.

Amolo, mama mwingine, alinyoosha shingo. "Mtoto yangu ni nane. Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo."

"Na wa Akoth?"

"Pia ni nane. Ni hiyo hiyo."

"Hiyo hiyo vipi?" Akoth alidakia. "Wako wawili! Watanyonya kijiko kimoja?"

"Namba ikijirudia unaandika mara moja," Githinji alisema. "Ni kurudia bure."

Mwalimu alipiga ubao kwa kiganja, na vumbi la chaki likaruka.

"Hakuna kurudia bure! Kila namba hapa ni mtoto. Ukifuta nane moja, umefuta mtoto mmoja. Andika zote."

Njambi alifuta, akaanza upya. Safari hii aliandika polepole, akilinganisha na karatasi yake:

7, 8, 8, 9, 10, 10, 11, 11, 12, 12, 13.

"Sasa tuone kwa macho," Mwalimu alisema. "Akina mama, bebeni watoto, simameni kama namba zilivyo. Mwepesi aanzie mlangoni, mzito aishie madhabahuni."

Walijipanga, wakisukumana kidogo na kuulizana kilo. Mwalimu akanyoosha kidole. "Moja, mbili—"

"Simama hapo!" Rahab alifoka. "Watoto hawahesabiwi kwa kidole! Daudi alihesabu watu wa Israeli, tauni ikaja. Hata kwetu zamani mama hakuhesabiwa watoto wake."

"Kwetu pia," Amolo alisema, akimfunika mwanawe kwa leso. Mama wa mtoto wa kilo saba alikuwa tayari ameshika mlango ili atoke.

Mwalimu alishusha kidole. Alifikiri kidogo.

"Haya. Sitahesabu mtoto hata mmoja, na jibu mtaliona. Mama wa mwisho upande wa mlango na mama wa mwisho upande wa madhabahu, ketini pamoja."

Wawili waliketi: wa kilo saba na wa kilo kumi na tatu.

"Tena. Mmoja huku, mmoja kule, kwa wakati mmoja."

Wawili wengine waliketi. Kisha wengine. Kila mara mmoja mwepesi na mmoja mzito. Mwishowe alibaki mama mmoja amesimama katikati. Alikuwa na mtoto wa kilo kumi.

"Huyu ndiye kati," Mwalimu alisema. "Walio wepesi upande wake huu ni wengi sawa na walio wazito upande ule. Kilo kumi ni alama ya nusu. Njambi, iandike. Githinji, sasa robo ya chini iko wapi?"

Githinji alikuna kichwa. "Robo ni nusu ya nusu."

"Basi?"

"Basi... tumuondoe wa katikati, tuchukue nusu ya wepesi peke yake, tufanye vilevile."

"Fanya."

Wepesi walisimama tena: saba, nane, nane, tisa, kumi. Wa kilo saba na wa kilo kumi wakaketi. Amolo na mama wa kilo tisa wakaketi. Akabaki Akoth, amesimama peke yake, na Okeyo begani.

Watu walimtazama mtoto. Labda wengine walikuwa wanamwona mara ya kwanza.

"Kilo nane," Mwalimu alisema. "Hiyo ndiyo alama ya robo ya chini. Si kumi na moja. Ni nane. Mtoto wa kilo nane kushuka ndiye mwenye maziwa."

Wakafanya nusu ya wazito pia: kumi na moja, kumi na moja, kumi na mbili, kumi na mbili, kumi na tatu. Akabaki wa kilo kumi na mbili. Hiyo ikawa robo ya juu.

"Na Ndungu?" mtu aliuliza.

"Ndungu ako nusu ya wazito," Githinji alijibu kwa sauti ya chini.

Mwalimu aligeukia ubao. "Sasa nahesabu namba, mama Rahab, si watoto. Idadi ni kumi na moja. Ongeza moja, gawa kwa nne, tatu. Namba ya tatu?"

"Nane," Njambi alisema.

"Umeona? Fomula yenu ilikuwa sawa. Ilipelekwa kwenye laini isiyo yake."

Wakati huo mlango ulifunguliwa. Mama Shivachi aliingia akihema, mtoto mgongoni.

"Poleni. Jana nilikuwa hospitali na huyu. Nimesikia mnapima wa miaka miwili. Si nimechelewa?"

"Umechelewa!" Wakarima alisema.

"Hajachelewa," Rahab alisema. Sauti yake ilikuwa ngumu. "Leo tumechoka na mambo ya kuchelewa na kutangulia. Mpimeni."

Mtoto alining'inizwa. Kilo tisa. Akoth aliutazama ubao. Laini imebadilika. Je, alama itahama? Je, itamruka Okeyo mara ya pili?

"Wekeni tisa mahali pake," Mwalimu aliwaambia wanafunzi. "Fanyeni wenyewe. Mimi sisemi."

Njambi aliandika tisa ya pili kando ya tisa ya kwanza. Githinji akafuta namba kwa kidole, moja huku na moja kule. Safari hii hakubaki mmoja katikati. Zilibaki mbili: kumi na kumi.

"Zimebaki mbili!" Githinji alisema. "Hakuna wa kati."

Njambi alifikiri. "Kati iko baina yao. Tunajumlisha, tunagawa kwa mbili. Kumi na kumi ni ishirini. Nusu yake ni kumi."

"Na nusu ya wepesi?" Akoth aliuliza. Hakuweza kungoja.

Njambi aliandika upya: 7, 8, 8, 9, 9, 10. Akafuta saba na kumi. Akafuta nane na tisa. Zikabaki nane na tisa.

"Nane na tisa ni kumi na saba," alisema. "Nusu yake ni nane na nusu. Alama ni nane na nusu."

"Walio chini yake?"

"Saba. Nane. Nane." Njambi alimgeukia Akoth. "Okeyo ako ndani, mama."

"Alikuwa ndani tangu jana," Akoth alijibu.

Njambi aliinamisha kichwa.

Sasa makopo. Mwalimu alisema wanafunzi waliokosea ndio watakaoyarudisha, na Rahab akakubali. Njeri alitoa lake palepale, akampa mama wa mtoto wa kilo saba. "Mimi mwenyewe nilishangaa," alisema. Wangoi alimkabidhi Amolo. Wakarima alikuwa ameshatoka.

Njambi na Githinji walikwenda kwake, na Akoth akawafuata. Wakarima alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Sikuiba. Nilipewa na kanisa."

"Na mimi nilinyimwa na kanisa hilo hilo," Akoth alisema. "Sisemi uliiba. Nasema umepimwa katika mizani, nawe umeonekana kuwa umepunguka."

"Unanitukana mlangoni kwangu?"

"Shikilia Okeyo kidogo," Akoth alisema. "Mshike tu. Halafu ukae nalo hilo kopo, nami nitaenda zangu."

Alimnyooshea mtoto. Wakarima, kwa mazoea ya mama yeyote anayenyooshewa mtoto, alimpokea. Mikono yake ilipanda juu kuliko alivyokusudia, kama mtu aliyedhani ananyanyua debe lililojaa, kumbe ni tupu.

Alimrudisha Okeyo. Aliingia ndani, akatoka na kopo, akalisukuma kifuani kwa Njambi.

"Chukueni. Nimechota kidogo. Na mjue kupiga hesabu kabla hamjamwaibisha mtu."

Hapo Wakarima alisema kweli. Aliyepewa kisicho chake kwa hesabu mbovu naye amekosewa. Njambi alimwomba msamaha, na Githinji pia.

Tangu siku hiyo kila mwezi kanisani walipanga laini mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kufika, kwa ajili ya mizani. Ya pili ilikuwa ya uzito, kwa ajili ya maziwa. Akina mama waliketi wenyewe, mmoja huku na mmoja kule, na Njambi akaandika ubaoni huku wote wakitazama. Shuleni nao, Mwalimu Wekulo alipotoa swali la kwotaili, Form Three nzima ilipanga namba kwanza. Aliyesahau aliulizwa na wenzake, "Kwani wewe unapanga debe?"

Okeyo alikunywa maziwa. Alianza kulia tena, na Akoth akafurahi kusikia kilio. Baadaye alianza kukimbiza kuku wa watu. Siku moja mizani ilisema kilo kumi, na laini ya uzito ilipopangwa, Okeyo alikuwa amevuka alama. Kopo lilikwenda kwa mtoto mwingine, mgeni, aliyehamia na mamaye kutoka Mashimoni, kule Kibera. Akoth hakulalamika hata kidogo. Alikuwa ameona namba zote.

Rahab alimshika mkono alipokuwa akitoka.

"Mama Okeyo, mtoto amepona. Sasa mshukuru Mungu, na hiyo hasira uiache."

"Mungu nimemshukuru kila asubuhi, mama," Akoth alisema, akimfunga Okeyo mgongoni. "Hasira nitaiweka karibu. Mwezi ujao mtapima tena."

Na mwezi uliofuata, wakati Njambi alipochukua chaki, Akoth alikuwa amekaa benchi la mbele.